Moto wa Ejo

Safari ile ilinigharimu shilingi laki mbili na elfu kumi na nne, jozi moja ya viatu vya mke wangu, na nyusi zangu zote mbili. Nyusi zimeota tena, ingawa ya kushoto imerudi nyembamba kama ya mtu mwingine. Fedha nimezihesabu mara mbili na jibu ni lile lile, kwa hiyo nimeziacha zilale.

Mimi nauza viatu vya mitumba Ujiji na nalala Katubuka. Sokoni hanibabaishi mtu. Mnunuzi namjua na mwizi namjua, kwa namna kila mmoja anavyoshika kiatu. Porini ni habari nyingine. Porini sijui lipi ni tawi kavu na yupi ni nyoka aliyejilaza, na nyoka hatangazi bei. Sijawahi kuwa na hamu ya kwenda mahali ambapo siwezi kurudi kwa bodaboda.

Aliyenipeleka ni mama mkwe wangu. Marehemu mumewe alikuwa mrina asali, na alipofariki aliacha mizinga imetundikwa kwenye miyombo, huko juu ya vilima vya mwambao wa kusini, mbali na njia yoyote ya gari. Miti yenyewe ilijulikana kwa watu wawili tu, yeye na mkewe. Sasa macho ya mama yameanza kuingia ukungu, na kila msimu ukungu unazidi. Akaamua kwamba kabla hayajafunga kabisa atampeleka binti yake, mtoto wake wa pekee, amwonyeshe mti mmoja baada ya mwingine. Binti huyo ndiye mke wangu, na alilelewa Dar es Salaam kwa shangazi yake. Kiha chake kinaishia kwenye salamu. Na si heshima kwa mama kusimama njiani na wanaume asiowajua, basi alihitajika mtu wa kubeba mzigo na kusemezana na watu wa huko. Mimi sikuombwa. Niliarifiwa.

Hapa lazima nieleze jambo moja la nyumbani kwao. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa umbali. Hawashikani mikono, hawali sahani moja, hawapishani mlangoni, na la kuambiana linapitia kwa mtu wa tatu. Nina miaka kumi na moja ya ndoa na sikuwahi kumgusa mama yule hata kwa bahati mbaya. Maneno yake yote kwangu yalipita kinywani mwa mke wangu. Atasema, "Mwambie mumeo chai haina sukari," nami nimekaa pale pale namsikia vizuri. Nami namwambia mke wangu amwambie mama kwamba sukari imepanda. Mke wangu husema siku akianza kulipwa kwa kazi hiyo atajenga ghorofa.

Tuliondoka Ujiji asubuhi kwa boti ya mbao ya injini, katikati ya magunia ya unga na madumu ya mafuta. Nahodha alitaka mzigo wa mama ulipiwe peke yake. Nilimwuliza kama na mama mwenyewe anapimwa kwa kilo. Akacheka, akapunguza. Huo ndio ulikuwa ushindi wangu wa mwisho katika safari nzima. Jioni tulishushwa kwenye kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, tukajitambulisha kwa mwenyekiti, tukalala kwa jamaa wa marehemu. Yule jamaa alitutazama mimi na viatu vyangu, akauliza mara mbili kama kweli ni mimi ninayewapeleka kina mama.

Kesho yake tukapanda. Mpango wa kutembea uliamuliwa na heshima: mimi mbele na mzigo na panga, mke wangu katikati, mama nyuma kabisa, mbali kiasi kwamba nikijikwaa asilazimike kuona. Mwanzoni nilifurahia. Ziwa lilikuwa chini yetu, jeupe kwa jua, na sauti za watoto wa kijijini zilitufuata. Kisha tukavuka mgongo wa kilima cha kwanza na sauti zikakatika zote kwa pamoja, kama mtu amefunga dirisha.

Nitasema ukweli: niliogopa kuanzia hapo. Sikuogopa kitu fulani. Majani yalikuwa marefu kunipita, yamekauka mpaka yanalia yakiguswa, na kila niliposimama kulikuwa na kitu upande wa kushoto ambacho nacho kilisimama sekunde moja baada yangu. Mke wangu alisema ni upepo. Nikamwuliza upepo gani unaosubiri mtu aanze kwanza. Mbele kidogo tukakuta mavi ya fisi, meupe kama chokaa, na mama akatuma ujumbe kupitia kwa binti yake kwamba nisiyakanyage maana ni ya jana usiku. Sikuuliza amejuaje. Nilianza kukohoa kila hatua chache ili yeyote aliyeko mbele apate muda wa kuondoka kwa heshima.

Mteremko wa pili ulikuwa umeungua wote. Ardhi nyeusi, vishina vinafuka moshi mwembamba, na harufu iliyokaa kooni. Chini yake palikuwa na korongo lenye kijito cha maji ya kufikia kifundo cha mguu, na ng'ambo ya korongo kilima kingine chenye majani marefu, ambako ndiko tulikokuwa tunakwenda. Pale ng'ambo, chini ya mti wenye mzinga, nilimkuta mtu mzima mmoja anafyeka majani kuuzunguka mti ule. Alikuwa amesafisha duara pana, udongo mtupu. Nikamsalimu, mwakeye, akaitikia. Kiha chake kilikuwa na Kirundi kingi ndani yake na kilikwenda mbio. Nilimwambia tunaelekea kule juu. Akanyoosha panga kuelekea kilima chenye majani, akasema maneno mengi, na katika yale mengi nilidaka moja: umuriro. Moto.

Nikamwuliza, "Lini?"

Akasema, "Ejo."

Neno hilo nilikuwa nalijua, na hapo ndipo penye balaa. Nililifundishwa na jirani yetu wa Katubuka, bibi mmoja aliyezaliwa vijiji vya mpakani, ambaye habari zake zote zilikuwa za ejo. Ejo ameibiwa sufuria, ejo mvua imeingia ndani, ejo mkamwana hakumsalimia. Sikuwahi kumsikia akizungumzia siku inayokuja. Nadhani hakuwa na matumaini nayo. Kwangu ejo ilikuwa jana, basi. Nikageuka nikatazama mteremko mweusi nyuma yangu unaofuka moshi. Hesabu ikakubali: wamechoma jana. Mimi ninayehesabu chenji mara mbili mbele ya mama ntilie anayenifahamu tangu utotoni, siku hiyo nilihesabu mara moja.

Yule mtu aliendelea kusema na kutikisa kichwa. Nilimshukuru, nikampa kipande cha sabuni, akakipokea huku ananiangalia kama mtu aliyeuziwa kitu asichokiomba. Mke wangu alipofika aliniuliza amesemaje. Nikamjibu kwamba wamechoma moto jana, ndio huo tuliopita. Naye akamgeukia mama aliyekuwa bado upande wa pili wa kijito, akampa habari: walichoma jana, yamekwisha. Mama akasema afadhali, akamsalimu yule mtu kwa mbali kama inavyompasa mwanamke wa umri wake, na tukapita. Hakukuwa na sababu ya yeye kuuliza tena. Mkwe wake ndiye aliyeletwa kwa kazi hiyo.

Tulipokuwa nusu ya kilima goti la mama likagoma. Tukafika kwa shida kwenye mawe matatu makubwa ambako marehemu alikuwa akipiga kambi, na hatukwenda mbele tena siku ile. Miti ya kwanza yenye mizinga ya marehemu ilikuwa nyuma ya mgongo wa kilima, mwendo wa saa mbili kwa mtu mwenye magoti yote mawili. Usiku sikulala. Fisi walilia upande wa ziwa, kisha kitu kingine, chenye kifua kizito, kikapumua karibu na mawe kama mtu anayekata mti kwa msumeno butu. Mama alisema kwa sauti ya chini, akimwambia binti yake, kwamba ni chui na anapita tu. Nilikaa nimeshika panga kwa mikono miwili, nikamwahidi Mungu mambo ambayo mengine bado sijayatekeleza.

Asubuhi goti lilikuwa limevimba. Tukakubaliana, kwa kupitia mke wangu, kwamba tungoje mpaka jua lipungue ndipo tuamue kupanda au kurudi. Baada ya chakula cha mchana nikasinzia. Niliamshwa na mke wangu akiniuliza kama nasikia mvua.

Nilisikia. Ilikuwa sauti ya mvua kubwa juu ya mabati, inatoka upande wa kulia, chini yetu. Ila ilikuwa kiangazi, na kule hakuna bati hata moja. Nikatazama juu nikaona mwewe, wengi, wanazunguka na kuchupa. Kisha panzi wakaanza kutupiga usoni, na panya wakapita kati ya miguu yetu, na funo mmoja mdogo akapita katikati yetu watatu bila hata kutuangalia, kana kwamba sisi ni jiwe la nne, la tano na la sita. Mnyama akishaacha kukuogopa wewe, ujue kuna anachokiogopa zaidi.

Moshi ulikuja kwanza, wa njano. Nyuma yake nikauona moto wenyewe, ukuta mrefu kupita miyombo michanga, unakwenda na upepo. Haukuja kwetu moja kwa moja. Ulikuwa unakata njia ya kupanda, kati yetu na mgongo wa kilima, na ulichobakisha kilikuwa upande mmoja tu: kurudi korongoni, kuvuka kijito, mpaka kwenye ardhi nyeusi ambako hakuna tena cha kuungua.

Mama alisimama, akaanguka kwenye goti lake. Akasimama tena. Alipiga hatua kama sita, na kwa mwendo ule nilijua hesabu haitoki. Akamshika binti yake mkono, akasema kwa utulivu kabisa, kama anayeagiza chumvi, "Mwambie mumeo akuchukue mtangulie. Mimi nitakuja."

Mke wangu alinigeukia na mdomo wazi. Miaka kumi na moja hakuwahi kushindwa kufikisha ujumbe. Ule hakuufikisha.

Nilitupa mzigo. Nikamwendea mama, nikageuza mgongo, nikachuchumaa mbele yake. Naapa kwamba katika hofu ile yote, kipande kimoja kilikuwa hofu ya kumgusa yeye, si ya moto. Nikasema, "Mama, panda."

Nilisikia majani yakilipuka nyuma yetu, yale mashina mazito yakipasuka kama risasi.

"Mama, nakuomba. Ukibaki tunabaki wote watatu. Binti yako haendi bila wewe, na mimi siendi bila yeye."

Kisha mikono miwili mikavu ikanizunguka shingo, na maneno ya kwanza mama mkwe wangu aliyowahi kuniambia mimi mwenyewe, sikioni, yakawa haya: "Usinidondoshe."

Ni mwanamke mdogo, lakini alijibebesha kwa namna ya mtu anayejaribu kukaa mgongoni bila kukugusa, na hakuna mzigo mbaya kama huo. Nilianza kukimbia kuelekea juu ya mawe, maana mwoga hupenda mahali pa juu. Akanipiga begani. "Teremka. Moto unapanda haraka kuliko wewe." Nikateremka. Sioni mbele, moshi umejaa, namfuata mke wangu kwa kitenge chake. Joto lilikuja kwa mkupuo kutoka kulia, likanilamba uso, nikasikia harufu ya nywele na sikujua ni za nani. Mara mbili nilipiga goti chini. Mara zote mbili mikono ile ilikaza shingoni, na mara ya pili ilikaza mpaka nikaona giza, nikafikiri basi, kama si moto ni yeye. Nilikuwa nalia. Si kwa huzuni. Machozi yalikuja kama jasho linavyokuja.

Tulivuka kijito tumeshaanza kukohoa makohozi meusi ya masizi. Mke wangu akapanda kwenye ardhi nyeusi, nikasikia anapiga kelele, nikajua amekanyaga kaa. Tukaenda mpaka katikati ya weusi ule, nikachuchumaa, mama akateremka. Alijitengeneza kitenge, akafunga kilemba upya, akahama kando kama kawaida yake, umbali ule ule. Soli za viatu vya mke wangu zilikuwa zimeachia mbele, zinapiga midomo. Viatu hivyo nilimtolea mimi mwenyewe kutoka kwenye meza yangu, nikamhakikishia kwamba ni ngozi.

Tulikaa pale tukitazama. Moto ulipita juu ya mawe matatu ya kambi bila kupunguza mwendo. Mzigo wetu ulitoa moshi mweusi mfupi, kisha basi. Sikuwaza chochote ila kwamba watu wangu ni wawili, nikawahesabu, kisha nikawahesabu tena.

Yule mtu wa korongoni alikuja baada ya moto kufika mgongoni mwa kilima. Alikuja mbio, kitambaa usoni, na alipotuona alikaa chini ghafla kama miguu imekatwa. Walikuwa wamechoma wao, yeye na wenzake, kuondoa majani makavu kabla ya msimu wa kiangazi kuwa mkali zaidi. Ndiyo maana alikuwa anafyeka kuzunguka mzinga wake. Mzinga ulikuwa salama ndani ya duara la udongo. Alinisema kwa hasira ya mtu aliyeogopa. Safari hii aliongea polepole na kwa Kiswahili, akinihesabia vidole: "Nilikwambia. Moto ni ejo. Nikakwambia usilale kule. Wewe ukanipa sabuni."

Mama alikuwa anasikiliza. Akamwuliza yule mtu kitu kwa Kiha, naye akajibu, na mama akafumba macho kidogo. Niliona mabega yake yanatikisika, nikadhani analia. Kumbe anacheka, bila sauti, masizi usoni. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mumeo," akasema, "ejo ni jana. Na ejo ni kesho. Linajulikana kwa maneno yanayolitangulia."

Mke wangu alinitazama muda mrefu kabla ya kunifikishia, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno.

Yule mtu alitusindikiza mpaka kijijini kwa njia nyingine, akamkatia mama mkongojo, na hakukubali kupokea kitu. Nauli ya kurudi nililipa bila kupatana. Nahodha alishtuka, akaniuliza kama naumwa.

Sasa shida yangu ni hii. Mizinga hatukuifikia, hata mmoja. Haijulikani kama imeungua au imepona, na anayejua ilipo ni mama peke yake. Goti limepoa, lakini macho yamezidi. Juzi alimimina chai pembeni ya kikombe, akaendelea kumimina mpaka mke wangu akamshika mkono. Naye ametuma ujumbe. Anasema majani yamekwisha kuungua, machipukizi bado mafupi, mtu anaona mbali, na hakuna wakati mzuri kuliko huu. Anataka twende mwezi ujao. Anasema, "Mwambie mumeo safari hii mimi mwenyewe nitaongea na watu."

Mimi nimebaki na woga ambao hauna aibu. Jirani akiwasha mkaa jioni naingia ndani na kuhesabu watu wangu. Upepo ukipiga bati nauliza kama ni mvua. Nikiwaza kilima kile nahisi mikono ile shingoni, ikikaza. Nikikataa, miti ya marehemu inafungwa pamoja na macho ya mjane wake, na mke wangu hatakuwa na cha kuonyeshwa. Nikikubali, goti likigoma tena mgongo uliopo ni mmoja, na sijui kama utafika kijitoni mara ya pili.

Nilimwambia mke wangu amwambie mama kwamba naogopa. Akakataa. Alisema amebeba maneno yangu miaka kumi na moja, hata ya sukari, lakini hilo si lake. Akasema kule mlimani niliongea mwenyewe na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Lakini kule kulikuwa na moto. Hapa Katubuka hakuna moto, kuna heshima tu, na mama amekaa kwenye mkeka wake anangoja jibu. Ninyi wenye wakwe wa namna hii, mnishauri: nimwambie nini, na nimwambie kupitia kwa nani?